Mungu Asiyekaa Peke Yake: Mafunzo Niliyopata Chini ya Mlima Meru

Jumapili inayofuata Pentekoste, Kanisa Katoliki huadhimisha Sherehe ya Utatu Mtakatifu. Papa Yohane wa XXII ndiye aliyeagiza mwaka 1334 kwamba Kanisa lote la Magharibi liiadhimishe. Hapa kwetu Arusha, kama kwingineko, mapadre wengi huanza mahubiri ya siku hiyo kwa kutukumbusha kwamba Utatu ni fumbo. Ni fumbo kweli. Tatizo ni kwamba Mkristo wa kawaida akishasikia hivyo huona jambo lenyewe ni la seminarini, la wale wanaosomea upadre kule Njiro, naye anarudi nyumbani kuendelea na shughuli zake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwafundisha watoto wa Komunio ya Kwanza katika parokia yetu iliyo kwenye miteremko ya Meru. Nimeolewa, nimezika, nimegombana na ndugu na kupatana nao, nimeishi na majirani wa dini mbalimbali. Katika hayo yote sijaona fundisho linalogusa maisha yetu kwa karibu kuliko hili: kwamba Mungu ni mmoja, na kwamba Mungu huyo mmoja hajawahi kuwa peke yake. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Ubatizo ni mmoja, hata milango ya kanisa ikiwa miwili

Nilibatizwa nikiwa mchanga katika Kanisa la Kilutheri, kama watoto wengi wa Kimeru. Ulutheri huku kwetu umeanza kwa damu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri wakiwa ndio kwanza wamefika kutafuta mahali pa kuweka kituo. Wenzao walirudi, na mwaka 1902 wakafungua misheni Nkoaranga. Wakatoliki walikuja kwa njia nyingine, kutokea Kilimanjaro, wakiletwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu. Jimbo la Arusha lilizaliwa mwaka 1963 kwa kumegwa kutoka Moshi, na askofu wake wa kwanza, Dennis Durning, alikuwa wa shirika hilo hilo. Mwaka 1999 likawa Jimbo Kuu. Ndiyo maana ukoo mmoja wa Kimeru unaweza kuwa na mzee wa kanisa wa Kilutheri, sista Mkatoliki na mwimbaji wa kwaya ya Kipentekoste, wote wakila Krismasi sufuria moja.

Nilipochumbiwa na Mkatoliki nikaamua kusali naye, mashangazi zangu walidhani nitabatizwa upya, na jambo hilo liliwauma. Waliona kama ubatizo walionipa wao unahesabiwa si kitu. Lakini paroko aliniagiza kitu kimoja tu, cheti changu cha ubatizo. Mama alikitoa kwenye sanduku la bati, kilikokuwa pamoja na risiti za kahawa za chama cha ushirika. Kimekunjwa mara nne na karatasi imeshakuwa rangi ya chai. Paroko alikikunjua taratibu kisichanike, akasoma jina la mchungaji, akaniuliza kama ninajua kwamba nilibatizwa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Nikasema ndiyo, ndivyo wanavyobatiza Walutheri wote. Akasema basi wewe umeshabatizwa. Nilikiri imani mbele ya waamini, nikapokea Kipaimara, nikapokea Ekaristi. Maji hakunimwagia.

Kwa upande mwingine, mtu aliyebatizwa kwa jina la Yesu peke yake, katika madhehebu yanayokataa Utatu, akija kwetu hubatizwa. Mwaka 2008 Vatikani ilitamka kwamba hata anayebatizwa kwa jina la Muumba, Mkombozi na Mtakasaji hajabatizwa. Wapo wanaosema huko ni kung'ang'ania maneno. Sikubaliani nao. Kuumba, kukomboa na kutakasa ni kazi anazotufanyia Mungu, na angekuwa Mungu yule yule hata kama asingeumba jani moja. Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ndivyo alivyo yeye mwenyewe, tangu milele, sisi tuwepo tusiwepo. Kubatizwa ni kuingizwa humo ndani. Mashangazi zangu walipoelewa hivyo walikuja wote kwenye harusi, na mmoja wao ndiye aliyenisimamia.

2. Baba hakuwahi kuwa bila Mwana

Watoto wa Komunio ya Kwanza hawaogopi kuuliza. "Mwalimu, Mungu Baba alikuwa anafanya nini kabla ya kumpata Yesu?" Kila darasa lina mtoto wa swali hilo, na ndilo swali lililoligawa Kanisa zima karne ya 4.

Walimu wengi hukimbilia mifano ya vitu vitatu vinavyoshikana. Nimeiacha yote, kwa sababu kila mmoja humfanya Mungu kuwa na vipande, au kuwa mmoja anayebadilisha sura akiamua. Mfano ambao umenisaidia niliupata mtaani kwetu. Hakuna anayeniita kwa jina langu la ubatizo. Naitwa Mama, likifuatwa na jina la mwanangu wa kwanza, na mume wangu vivyo hivyo anaitwa Baba kwa jina la mtoto yule yule. Nawaambia watoto: angalieni, mtoto ndiye aliyenipa mimi jina ninaloitwa. Bila yeye mimi si mama wa mtu. Baba wa mbinguni naye ni Baba kwa sababu ya Mwana.

Kisha nawaonyesha mahali mfano unapokatikia, na hapo ndipo penye somo lenyewe. Mimi nilikuwa mtu kabla sijazaa. Nilisoma, nilicheza rede, nilikuwa na jina langu. Mungu hana kabla ya namna hiyo. Hakuna wakati Baba alikuwa peke yake akiwaza kupata Mwana. Kutoa na kupokea, kupenda na kupendwa, havikumjia Mungu baadaye. Na upendo huo wa Baba na Mwana ni hai kiasi kwamba nao ni Nafsi, Roho Mtakatifu.

Watoto wa miaka tisa hulipokea jambo hili kuliko wazazi wao. Mtoto mmoja wa kike aliwahi kuniuliza, "Kwa hiyo Mungu hajawahi kuwa mpweke?" Nikamwambia hajawahi. Alikuwa analelewa na bibi yake, mama yuko mbali kikazi. Alikaa kimya, kisha akaliandika jibu kwenye daftari lake na kulipigia mstari kwa rula.

3. Nikea ilinifikia msibani

Watu husema Utatu ni falsafa ya Wazungu iliyoletwa na meli. Ukweli ni kwamba wengi wa waliolipigania fundisho hili walikuwa watu wa bara letu. Tertuliano wa Karthago, katika Tunisia ya leo, ndiye Mkristo wa kwanza tunayemjua aliyeandika neno la Kilatini la Utatu. Agustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliandika juu yake vitabu 15. Na kelele zenyewe zilianzia Misri, Aleksandria, pale padre Ario alipofundisha kwamba Mwana ni kiumbe, bora kuliko vyote, lakini kiumbe. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulimkatalia, ukatamka kwamba Mwana ni wa umungu mmoja na Baba. Athanasi, aliyehudhuria akiwa shemasi kisha akawa askofu wa Aleksandria, alifukuzwa mjini kwake mara tano kwa kulishikilia neno hilo. Mwaka 2025 Wakristo duniani kote waliadhimisha miaka 1,700 ya mtaguso huo.

Hayo niliyajua kama mwalimu anavyojua tarehe. Uzito wake niliujua siku kijana wa jirani yangu, dereva wa bodaboda, alipogongwa na lori kwenye barabara ya Moshi. Alikuwa na miaka ishirini na kitu. Turubai lilifungwa uani, viti vya plastiki vikaletwa, wanawake wa jumuiya wakashika jiko, wanaume wakaanza kuandika rambirambi kwenye daftari. Mama wa marehemu alikuwa ndani, amekaa chini kwenye godoro, khanga imefunika kichwa. Usiku wa pili, watu walipopungua, alinishika mkono akaniuliza: "Mwalimu, Mungu anajua nini kuhusu kuzika mtoto?"

Kama Ario angekuwa sahihi, jibu lingekuwa kwamba Mungu hajui chochote. Aliona mambo yameharibika duniani akamtuma kiumbe wake mmoja aje aumie, mwenyewe akabaki alipo. Mjumbe akifa, aliyemtuma hajafiwa. Lakini Kanisa linakiri kwamba aliyeteswa chini ya Ponsio Pilato, akafa akazikwa, ni Mwana hasa wa Baba, Mungu kweli. Sikumwambia yule mama kwamba Mungu alilia kama anavyolia yeye, kwa sababu sijui kulia kwa Mungu kukoje. Nilimwambia tu kwamba yule tunayemwomba, Mwana wake amezikwa. Hakujibu. Tulisali rozari tena, na alipofika kwenye Atukuzwe Baba sauti yake ilikuwa inasikika mpaka uani.

Tangu hapo, nikisikia mtu anasema mabishano ya Nikea yalikuwa ya wasomi waliokosa kazi, namkatalia papo hapo.

4. Jirani Mwislamu amenisaidia kushika kwamba Mungu ni mmoja

Kwa muda mrefu nilifundisha shule moja, maeneo ya Ngarenaro, na mwalimu wa kike Mwislamu. Tulikaa dawati jirani katika ofisi ya walimu, tukipokezana chaki na chai. Siku moja aliniuliza kwa upole, bila nia ya kunishinda, kama ni kweli tunaabudu watatu, na kama tunasema Mungu alipata mtoto kwa mke.

Nilimweleza kwamba Mkristo akisema hivyo amekufuru. Nasadiki yetu inaanza na Mungu mmoja. Mwana hakuzaliwa na Baba kwa mke wala kwa tarehe, na Bikira Maria ni kiumbe wa Mungu kama mimi na yeye. Kwake Mwana alitwaa mwili, umungu hakuupata kwake. Nilimweleza kwamba hatusemi miungu watatu wanaoshirikiana vizuri. Umungu ni ule ule mmoja, mzima katika Baba, mzima katika Mwana, mzima katika Roho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekuelewa mwalimu, ingawa siwezi kukubali." Nikamshukuru. Tulikuwa tumeona mihadhara ya barabarani ya miaka ya nyuma, watu wakirushiana aya kwa vipaza sauti, na hakuna mmoja wetu aliyeitamani.

Swali lake halikuniacha, hasa nilipowasikiliza Wakatoliki wenzangu. Tunasema Mungu Baba ni mkali, Yesu ni mpole, ukishindwa kote mwite Roho Mtakatifu. Mtu anayesali hivyo ana miungu watatu kweli, na mmoja anamwombea kwa mwingine ampunguzie hasira. Kumbe upole wa Yesu ndio upole wa Baba. Siku hizi kila ninapoandaa somo najiuliza kama yule mwalimu mwenzangu angelisikia angesema bado nafundisha Mungu mmoja.

Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa Olasiti, siku ya kuzinduliwa kwa Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, mbele ya Balozi wa Papa, Askofu Mkuu Francisco Padilla. Watu watatu walikufa na zaidi ya sitini wakajeruhiwa. Mji ulijaa minong'ono na watu wakaanza kutazamana kwa dini zao. Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele ya shule, mwalimu yule alikuwa ameshafika nyumbani kwangu kunipa pole. Hakuja kunieleza dini yake inasema nini. Alikuja, akakaa, tukanywa chai.

5. Neema

Huhitaji kuwa Mkatoliki kuusikia Utatu Arusha. Kikao cha harusi kikiisha, kikoba kikifunga hesabu, wazazi wakimaliza mkutano wa shule, mtu husema, "Tusimame tuseme neema." Watu wa makanisa yote huijua kwa kichwa: neema ya Bwana Yesu Kristo, upendo wa Mungu, ushirika wa Roho Mtakatifu. Ni salamu ya Mtakatifu Paulo mwishoni mwa Waraka wa Pili kwa Wakorinto. Padre naye huitumia kutusalimu mwanzoni mwa Misa, kwa hiyo wenzetu wanafungia kikao pale sisi tunapofungulia ibada. Wanaofanya haraka huisema huku wamekwisha kushika funguo za pikipiki. Mimi huomba isemwe polepole, watu wakitazamana.

6. Jumuiya ni shule, ikiwa haijageuka kuwa daftari la michango

Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, yaani wa nchi za Afrika Mashariki na jirani zake, waliamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa uchungaji. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ikaliita Kanisa Familia ya Mungu. Kwetu jambo hilo lina sura ya Jumamosi asubuhi, nyumba moja baada ya nyingine: meza yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, Biblia, na viti vilivyoazimwa kwa jirani. Ndani ya jumuiya yangu kuna Wameru, Waarusha, Wachaga, Wairaqw, Wapare na Wanyaturu. Yupo mwanasheria, na yupo mama anayeuza mnafu na figiri Soko la Kilombero ambaye hutuwahi kwa sababu ameamka saa tisa usiku. Tukisoma masomo ya Jumapili, kila mtu husema neno lake. Mama wa mboga huona kwenye Injili mambo ambayo mwanasheria hayaoni, na kinyume chake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuwa wamoja hakumtaki mtu apotee. Baba si Mwana, Mwana si Roho; hakuna anayemmeza mwenzake, na bado hakuna pengo kati yao. Jumuiya nzuri inafanana na hilo kwa mbali sana, lakini inafanana.

Jimbo letu lina kisa kinachonifundisha kila nikikikumbuka. Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifanya utume kwa Wamasai wa Loliondo katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1978 akachapisha kitabu juu ya kazi hiyo. Anasimulia kwamba alipomaliza kufundisha boma moja alitaka kuchagua wa kubatizwa: huyu alihudhuria, yule alikosa, huyu ameelewa, yule hajaelewa. Mzee wa boma, Ndangoya, alimzuia, akamuuliza kwa nini anataka kuwatenganisha. Alikiri kwamba wamo wavivu, lakini walisaidiwa na wenye bidii, na wamo wazito, lakini walisaidiwa na wepesi. Wote walibatizwa pamoja. Naamini mzee yule aliufahamu Utatu kabla ya padre kumaliza kuueleza.

Sasa niseme linaloniudhi. Jumuiya nyingi zimekuwa mahali pa kusomewa madeni. Injili inasomwa haraka, kisha nusu saa nzima ni nani hajalipa mchango wa ujenzi, nani hajatoa zaka, nani jina lake lipelekwe parokiani. Mjane asiye na kitu anaacha kuja kwa aibu, na akifa tunaulizana kama alikuwa anasali jumuiya ili tujue kama atazikwa na Kanisa. Michango ni lazima. Nyumba ya Mungu haijengwi kwa maneno. Lakini mtu akiacha kuja kwa sababu ya daftari, tumemtenga sisi, na kumtenga mtu ni kuliasi jina tunaloanzia sala zetu.

7. Ishara ya msalaba haizuii mkono wenyewe

Somo hili ni zito, na Arusha hatuna ruhusa ya kulikwepa. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilianzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda Novemba 1994, na ilifanyia kazi hapa mjini, katika majengo ya kituo cha mikutano cha AICC, mpaka mwisho wa mwaka 2015. Tulizoea magari meupe ya Umoja wa Mataifa kama tulivyozoea ya watalii.

Mmoja wa waliohukumiwa hapa ni padre, Athanase Seromba. Aprili 1994, kanisa la parokia yake ya Nyange lilibomolewa kwa tingatinga juu ya Watutsi wapatao 1,500 waliokimbilia ndani. Desemba 2006 alipewa kifungo cha miaka 15. Machi 2008 kitengo cha rufaa cha mahakama hiyo kikakifanya cha maisha. Waliokuwa ndani walikuwa waamini wake. Walikuwa wamebatizwa kwa jina lile lile. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na za watoto wake katika mauaji ya kimbari ya Rwanda.

Nikiwafundisha watoto wakubwa, wa Kipaimara, nawaambia jambo hili bila kulificha, maana wanapita pale AICC kila siku. Nawaambia kwamba mauaji yale yalijengwa juu ya uongo kwamba watu wa namna mbili hawawezi kukaa nchi moja, mpaka mmoja afutwe. Anayesadiki Utatu anasadiki kwamba chanzo cha vitu vyote ni Mmoja ambaye ndani yake kuna mwingine na mwingine, pasipo uadui. Ukiwachukia watu kwa kuwa si wa kwenu, unaweza kugusa paji la uso, kifua na mabega mara mia kwa siku, na umeshamkana yule unayemtaja. Kijana mmoja aliniuliza kama padre yule ubatizo wake ulifutika. Nikamwambia ubatizo haufutiki, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

8. Baba anayetoa hapungukiwi

Ardhi ndiyo jeraha la Wameru. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wetu Engare Nanyuki kwa nguvu ili walowezi wapate malisho, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda kulisema hilo mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Leo walowezi wale hawapo, ila tumekuwa wengi na mlima haukui. Kihamba kinagawanywa mpaka kinabaki migomba ya kuhesabu. Ndugu wa tumbo moja wanafikishana mahakamani, wengine wanatoana roho. Na kwa mila, mtoto wa kike hahesabiwi kabisa. Huambiwa shamba lake liko alikoolewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ile ile ya mwanaume, lakini sheria hiyo iko ofisini, na mila ndiyo iliyoko kwenye mgomba.

Baba yangu, Mlutheri mpaka leo, alituita watoto wote akiwa bado na nguvu zake. Alikuwepo mwenyekiti wa kitongoji na mzee wa ukoo. Alitembea mbele na fimbo, sisi nyuma, na kila alipofika mpakani alichoma fimbo chini, mjukuu akapanda sale. Alipomaliza sehemu za wavulana hakusimama. Alivuka mfereji, akapima za wasichana, nyembamba kuliko nilivyotamani na pana kuliko mila ilivyoruhusu. Mzee wa ukoo alimwambia, "Sasa wewe utabaki na nini?" Akajibu, "Nitabaki na watoto."

Baba yangu hakusomea teolojia. Lakini nilimwona yule ambaye Injili ya Yohane inatuonyesha, Baba asiyemficha Mwana kitu, anayempa vyote alivyo navyo bila kuwa pungufu ya Mungu kwa kutoa. Sisi huku tunadhani mkubwa ni anayeshikilia. Mzazi anashika hati mpaka anakufa nazo, paroko anashika funguo zote, mwenyekiti wa jumuiya anashika kiti mpaka kinavunjika, kisha tunashangaa kwa nini watoto wanagombana kaburini. Katika Utatu ukubwa wa Baba ni kutoa vyote, na ukubwa wa Mwana ni kupokea vyote na kurudisha vyote. Hakuna wa daraja la chini. Kwa hiyo mwanaume anayejiita kichwa cha nyumba ili mkewe asijue mshahara wake asitafute mfano kwa Mungu, hataupata.

Kaka yangu mmoja bado hajaridhika. Hivi karibuni alinipigia simu kuniambia kwamba nilishahama ukoo, na hata dini nilishahama, kwa hiyo sehemu yangu nimwachie yeye kwa bei ya undugu. Nilimjibu kwamba dini sikuhama mbali kiasi hicho, kwa sababu jina tulilobatiziwa ni moja na cheti changu kina saini ya mchungaji yule yule aliyembatiza yeye. Kama ana neno juu ya ugawaji alisemee mbele ya baba, maana baba yu hai na masale yameshika. Amekubali. Desemba watu wakipanda mlimani kwa Krismasi tutakaa barazani kwa baba, watoto wake wote, wa kike na wa kiume, na dada yetu mdogo anakuja na karatasi za halmashauri ili kila mmoja aombe hatimiliki ya kimila kwa jina lake.